Fimbo ya Marehemu Zivanai

Jumamosi ile Ratidzo alikuwa achague mume mbele ya ukoo mzima, na mwanamume aliyemtaka angekuwepo pale mkekani pamoja na ndugu zake. Tusifichane. Watu wa Gutu hupenda kusema mjane hana moyo, ana watoto tu. Huyu alikuwa na moyo, tena ulikuwa unamsumbua. Alimpenda Tongai, mdogo wa marehemu mumewe, akampenda mpaka chakula kikawa hakipiti kooni.

Na angeachaje kumpenda? Mwaka mzima tangu Zivanai azikwe, Tongai ndiye aliyemlimia shamba kwa ng'ombe wake kabla hajagusa la kwake. Ndiye aliyembeba Shamiso, binti mdogo, mgongoni mpaka zahanati alipozidiwa na malaria. Akija, alikaa nje kwenye kigoda, akala sadza, ugali wa kwao, na mlenda, akawachekesha watoto, akaondoka bila kumgusa mama yao hata mkono. Mwanamume wa hivyo, jamani! Tatizo lilikuwa moja tu. Tongai alikuwa na mke, Maidei, na ndoa yao ilifungwa kanisani.

Siku ya kuchagua, mjane hupewa fimbo ya marehemu, akapita mbele ya ndugu wa mumewe. Atakayempa fimbo ndiye mumewe kuanzia hapo. Asiyetaka kuolewa humpa mwanawe wa kiume, na Ratidzo alizaa mabinti watupu, kwa hiyo yeye angempa wifi yake, Revai. Ila akishampa wifi, basi. Hakuna shemeji atakayekaa tena uani kwake kula, maana watu watasema amekataa mchana ili apate kwa mlango wa nyuma.

Alhamisi, akina mama wa umoja wa kanisa, wale wa blauzi nyekundu kama yeye, walipomaliza maombi, alimfuata mke wa mchungaji.

"Mama, mtu akiwa mke wa pili, ndiyo basi tena?"

"Ibadani atakuja, nani atamfukuza? Blauzi tutaichukua, na mezani pa Bwana hatakaribia. Kwani nani anaolewa mke wa pili?"

"Nauliza tu, mama."

Blauzi haikumuuma. Blauzi ni kitambaa. Kilichomtisha ni kwamba siku hizi kila akipiga magoti kumwomba Mungu, alijikuta anamwomba Tongai. Alianza na Baba yetu, akamaliza na viatu vya yule bwana kando ya kigoda. Alijua kabisa nani kakaa kwenye kiti cha nani.

Ijumaa asubuhi Maidei akaja na fungu la majani ya maboga. Alilitua, hakuketi.

"Dada, kesho mpe yeye. Nimekubali."

"Umekubali, au umeambiwa ukubali?"

"Nimekubali, dada. Afadhali wewe kuliko mwanamke nisiyemjua."

Mungu amsamehe, Ratidzo alifurahi. Alifurahi mpaka akaona haya, akageuka kuchochea moto usiohitaji kuchochewa. Mke mwenyewe karidhia! Sasa nani tena wa kumzuia? Alibaki Mmoja tu, na huyo wala hakuja na majani ya maboga.

Basi Jumamosi ndugu wakaketi mkekani. Wa kwanza alikuwa Chikomo, mkubwa wao, mtu wa ugoro na maneno mengi.

"Simama hapa hapa, mama Shamiso! Meno yaliyobaki yanatosha kutafuna kuku wako!"

"Hebu nyamaza," Revai akamkatisha. "Wake wawili wamekushinda, wa tatu utamweka wapi? Kichwani?"

Watu wakacheka. Ratidzo naye alicheka kidogo, akampita Chikomo, akampita wa pili, akafika kwa Tongai. Miguu ikasimama yenyewe.

Tongai alikuwa amekwisha kuinua mikono yote miwili, ameikunjua kupokea, na hakuwa anatabasamu. Macho yalikuwa yamemjaa maji. Ratidzo akaishusha fimbo mpaka karibu na vile viganja. Bwana, aliomba, sema neno. Sema huyu naye ni wako, umenipa wewe. Sema lolote nilishike.

Bwana hakusema kitu. Alikuwa amekwisha sema, na Ratidzo alikuwa amesikia tangu mwanzo.

Akavuta hatua moja. Akavuta ya pili, na hiyo ilimuuma kuliko kuzaa. Alipiga magoti mbele ya Revai akaweka fimbo mapajani mwake. Vigelegele vikalipuka, blauzi nyekundu zikaanza kuimba. Tongai aliiacha mikono yake wazi kitambo, kisha akaifuta kwenye suruali, akainuka kwenda kufungua ng'ombe wake waliokuwa zizini kwa Ratidzo. Aliwaswaga mpaka kwake bila kugeuka.

Ratidzo alikimbilia nyuma ya jiko. Maidei akamfuata huko, akaanguka chini, akamkumbatia magoti.

"Asante, dada! Asante! Jana nilisema uongo, yeye ndiye aliyenituma. Siku tatu sijala. Mungu akubariki!" Alikuwa analia na kucheka. "Kumbe hukuwa unamtaka, eeh? Niambie hukuwa unamtaka, nipate usingizi."

Neno moja tu la uongo, na mwenzake angekwenda zake na amani. Ratidzo alilitafuta akalikosa.

"Nilimtaka, Maidei. Namtaka hata sasa hivi."

Maidei akamwachia magoti.

"Kwa nini basi?"

"Yuko ninayepaswa kumtaka zaidi. Na leo hata uso wake siuoni."

Maidei akainuka, akafunga kanga yake vizuri, akaondoka polepole. Kule uani mke wa mchungaji alikuwa anaita kwa furaha, "Ratidzo! Njoo utoe ushuhuda! Njoo utuambie ulivyoshinda!"

Hakwenda. Aliketi juu ya kuni akalia kwa sauti, kwa namna ambayo hakulia hata siku ya kumzika Zivanai, na katikati ya kilio alikuwa anaita, "Njoo basi, Bwana. Njoo, maana nimebaki na wewe tu."