Mama Kwenye Kipito cha Elhorrieta

Nilimkuta mama yangu kileleni, amepiga magoti, akiongea lugha nisiyoijua.

Nilikuwa nimeshuka kwenye baiskeli kona mbili huko chini, njia ilipogeuka kuwa mawe na matope, na nilikuwa naisukuma huku nahema kama ng'ombe mzee. Ukungu ulikuwa umelalia nyasi. Kwanza niliisikia sauti, nikadhani ni mchungaji wa upande wa Hispania anamsemesha mbwa wake. Kisha ukungu ukapasuka kidogo nikauona mgongo: koti la kijivu la kwendea kanisani, na kitambaa cha kichwa nilichomnunulia mimi mwenyewe mjini Baiona. Mbele yake palikuwa na rundo la mawe lisilofika kiunoni, na juu ya mawe, maua meupe.

Saa hiyo mama alipaswa kuwa Zuberoa, mkoa mwingine wa Wabaske, mbali mashariki.

Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka. Sikukuu ya Watakatifu Wote, Novemba mosi, ikifika, alipanda basi la kwanza, maua kifuani, kwenda kwenye makaburi ya watu wake. Hakutaka kusindikizwa. Mama, Xaneta kwa jina, alikuwa mtu wa Zuberoa; hilo bondeni kwetu Aldude, upande wa Ufaransa, nani asiyelijua? Ndiyo maana Kibaske chake kilikuwa na mikunjo yake, maneno yakitokea puani. Tangu utotoni nilikuwa nikimwiga mbele ya wageni nao wakicheka mpaka machozi. Hata yeye alikuwa akicheka.

Mwaka huo, 1989, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili na wazimu mmoja tu: vipito vya milimani, zile njia za kuvukia katikati ya vilele. Kila nilipopata siku ya mapumziko nilipanda kimoja kwa baiskeli, nikagusa jiwe la mpaka, nikarudi kuandika jina lake daftarini. Jirani yetu Pettan alikuwa akinisubiri getini kwake anikejeli. "Graxi, baiskeli hiyo ingekuwa punda ingeshahamia Hispania zamani!"

Elhorrieta tu ndicho nilichokuwa sijakipanda, ingawa kilikuwa juu ya paa letu. Nilimwuliza baba kuna nini kule. "Matope," akasema. Nikamwuliza mama. "Mbwa wakali." Majibu mawili kwa swali moja, nami sikushtuka. Nikangoja siku ambayo mama hayupo.

"Mama," niliita.

Hakushtuka. Aligeuka polepole, kama mtu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akingoja kuguswa bega.

"Umekuja peke yako?"

"Peke yangu. Mama, unaongea na nani?"

"Laza baiskeli, ukae chini. Haya huwezi kuyasikia umesimama."

Nilikaa kwenye nyasi zilizolowa. Akaweka kiganja juu ya mawe.

"Mimi si Xaneta. Naitwa Albertina. Na huyu ni dada yangu, Deolinda. Sisi ni watu wa Ureno."

Nakumbuka niliutazama mkono wangu. Baiskeli ilikuwa imelala ubavu, gurudumu limesimama, lakini vidole vyangu vilikuwa bado vimebana breki kwa nguvu zote. Niliviamuru viachie. Havikuachia.

Alisimulia kwa sauti ya mtu anayeeleza namna ya kukanda unga. Februari 1966, dada wawili, viatu vya mjini miguuni. Mume wa Deolinda alikuwa mjenzi karibu na Paris, nao hawakuwa na pasi za kusafiria, kama maelfu ya wenzao. Upande wa Hispania walikabidhiwa kwa kijana mmoja wa huku, mvushaji wa watu kwa siri. Aliwafikisha hapa mchana. Theluji ilikuwa inaanza. Kutoka huku juu aliwaona askari wa mpakani wakizunguka chini bondeni. Akawaficha nyuma ya mwamba. "Ngojeni hapa. Narudi kabla ya giza."

"Hakurudi kabla ya giza," mama alisema. "Deolinda alinivalisha koti lake juu ya langu. Aliniambia hasikii baridi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikamwamini."

Kijana yule alikuja kesho yake asubuhi. Akamkuta mmoja hai.

"Mbwa mkubwa!" nilisema. "Ni nani huyo? Yuko hai?"

Mama alinitazama kama anavyotazamwa mtoto anayekaribia kudungwa sindano.

"Unakula naye kila siku, mwanangu."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti, ukungu ukanirudishia kicheko changu, na mama akangoja kiishe.

Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyemvua mama viatu siku ile, ngozi ikatoka pamoja na soksi. Bibi ndiye aliyewaambia majirani kwamba ni mpwa wake kutoka Zuberoa, ili lafudhi ipate maelezo. Padri wa wakati ule hakuwa mtu wa kuuliza mengi.

"Lakini kwa nini hukwenda kwa shemeji yako?"

"Ningemwambia nini? Kwamba koti la mkewe nimelivaa mimi?"

"Ukaolewa na huyo huyo? Mama!"

"Kwa miezi minane hakuniangalia usoni. Alipanda huku peke yake, akamzika Deolinda, akapanga mawe haya moja moja. Halafu siku moja nilimwuliza, ulikuwa wapi? Akasema askari walikuwa jikoni kwao, wanakunywa kahawa, usiku kucha. Angenyanyuka wangemfuata, na sisi tungekamatwa."

"Ni kweli?"

Alinyanyuka, akakung'uta magoti.

"Nimechagua kumwamini. Kuna asubuhi inabidi nichague upya."

Tulishuka kwa miguu, baiskeli katikati yetu, mkono wake mmoja juu ya kiti. Nilikuwa najaribu kulitamka jina lake moyoni, Albertina, nalo lilikwama kama mfupa. Yule niliyekuwa nikimwiga mbele ya wageni ili wacheke, kumbe hata sikuwa nikimjua.

Baba alikuwa uani anapasua kuni. Alituona tukitokea njia ya mlimani, sisi wawili pamoja, siku ile. Akaliweka shoka chini taratibu.

"Amekuambia," alisema. Halikuwa swali.

Nilimpita kama napita nguzo.

Kwa karibu miezi mitatu sikumsemesha. Mezani nilimwambia mama, "Mwambie mumeo anipe chumvi," naye akajibu, "Mimi si posta," akaisogeza mwenyewe. Baba alikula ameinamisha kichwa. Alikonda.

Baba alifariki mwaka 2003. Mama tumemzika mwaka jana, na kwenye jiwe la kaburi tumechonga majina yake yote mawili. Wote wawili wamekwisha kwenda, kwa hiyo sasa naweza kusema lililotokea Januari ile ya 1990, zizini, ambalo mama hakulijua.

Kondoo mmoja alikuwa ameshindwa kuzaa. Mwana alikuwa amekaa vibaya tumboni. Mama alikuwa kijijini. "Graxi!" baba aliita. "Njoo umshike huyu!" Nilikwenda kwa ajili ya kondoo. Nikapiga magoti kwenye majani makavu, nikamkumbatia shingo. Baba alikuwa upande wa pili, mkono umezama hadi karibu na kiwiko, anatafuta miguu ya mwana kwa vidole. Alisema bila kuinua macho.

"Askari walikuwa watatu. Waliondoka saa mbili usiku."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa, na zizi lote likawa kimya masikioni mwangu, ingawa kondoo walikuwa wanalia.

"Saa mbili," nilisema. Lilikuwa neno langu la kwanza kwake tangu Novemba.

"Nilifungua mlango. Theluji ilikuwa imefika mapajani. Nikaufunga." Vidole vyake viliendelea kutafuta. "Nilikaa jikoni mpaka kulipopambazuka."

"Mama anajua?"

"Hajawahi kuniuliza mara ya pili."

Kondoo alijitutumua, akakaribia kuniponyoka. Baba aliniangalia, macho mekundu, mkono bado umo ndani.

"Mshike vizuri," alisema.

Nikamshika.