Godauni Tuliloliona Jumapili

Mshale ulikuwa unacheza. Kaka yangu alisimama mbele ya meza yake, kibano mkononi, amebana kijiwe cha kupimia, kidogo kuliko punje ya mchele, akisubiri mshale wa mizani ya sonara utulie ili akiweke. Haukutulia. Ukikaribia kusimama, unaruka tena. Mimi nilikuwa mlangoni napanga viti vya wateja. Nikamwona anageuza shingo polepole kuelekea ukuta wa nyuma, na hapo na mimi nikakisikia kile kitu, miguuni kabla ya masikioni: mshindo mzito, kimya kidogo, mshindo tena. Vikombe vya chai vilikuwa vinagongana kwenye sinia.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, siku yetu ya kwanza ya kazi ndani ya jengo letu wenyewe. Ile ilikuwa mashine ya kiwanda cha jirani, ya kugonga mabati yawe masufuria.

Baba yetu alikuwa fundi mizani, na alikufa mpangaji. Kila mwenye nyumba alipopandisha kodi au alipokumbuka kwamba ana mpwa anayetafuta chumba, baba alibeba meza yake kichwani, sisi tukabeba droo, tukahamia kwingine. Alipofariki, kaka alirithi mkono na mimi nikarithi mdomo. Maneno hayo ni ya mama, na hakukosea. Mizani ya duka la dawa ikipita kwa kaka, mkaguzi wa vipimo alikuwa anaipiga muhuri huku anaulizia habari za nyumbani. Mimi nilipokea wateja, nilikata bei, nilisumbuana na wasiotaka kulipa. Kaka aliniita Mama Bei tangu sijazaa hata mtoto mmoja.

Tulichokitaka kwenye lile eneo la viwanda kilikuwa kimoja tu: meza ya kaka iwekwe mahali isihamishwe tena. Godauni lilikuwa la mzee mmoja aliyetengeneza brashi za kupakia rangi. Amechoka, watoto wake hawataki brashi, anauza. Tukauza kiwanja kitupu alichotuachia baba, mama akaweka kidole gumba kwenye hati, tukaenda kuangalia.

Tulikwenda Jumapili. Sisi mambo yetu yote yalikuwa ya Jumapili. Mfanyabiashara akikuletea mizani yake, huko dukani kwake amekaa bure, hauzi hata kilo moja. Kwa hiyo baba hakufunga mlango siku ya kazi hata alipokuwa na homa ya kumlaza, na sisi tukaendelea vivyo hivyo. Meno tuling'olewa Jumapili. Mume wangu alipoleta posa alileta Jumapili, na wajomba zake walilalamika sana. Watu walitucheka, na sisi vichwa vikatuvimba, tukajiona ndio wachapakazi wa mji mzima.

Kaka alikuja na ile mizani ya sonara ameifunga kwa blanketi, ameipakata njia nzima kama mtoto mgonjwa. Adui wa mizani ndogo ni upepo, kila fundi anajua hivyo. Akafunga madirisha yote, akaning'iniza uzi hapa, akauning'iniza pale, akautazama. Akalaza pimamaji sakafuni, kona zote nne. Mwisho akaifungua mizani, akaiweka chini, akaketi mbele yake na suruali yake nzuri ya kutokea. Mshale ulipanda, ukashuka, ukasimama. Ulisimama kimya kabisa. Kaka aliutazama muda mrefu, kisha akaniangalia, na nawaambieni, sijawahi kumwona mtu mzima ana furaha ile.

Mzee wa brashi alikuwa ameegemea nguzo. Akasema, "Njooni tena siku ya kazi, mwanangu. Mlione eneo likiwa linafanya kazi."

Nilicheka moyoni. Aniambie mimi! Mbinu hiyo nilikuwa naijua nje ndani. Unakwenda siku ya kazi, unakuta mabwana wawili na tai zao wanapima kuta kwa hatua, wananong'ona, roho inakuruka, unaongeza bei papo hapo. Mimi mwenyewe nilishawahi kumwomba kinyozi wa jirani aje ashikeshike mizani niliyokuwa namuuzia mtu mgumu. Nikamvuta kaka pembeni nikamwambia huyu mzee asituingize mjini, anataka kutuletea washindani. Kaka alitikisa kichwa kukubali. Kwenye mambo ya mdomo aliniamini kama mimi nilivyouamini mkono wake. Nikamrudia mzee, nikamwambia tumeona vya kutosha, nikaanza kumsomea makosa ya paa lake.

Alinitazama, akafuta miwani. "Haya," akasema. "Mimi nimeshasema."

Kwa hiyo hakuna aliyetudhulumu, na hapo ndipo panapouma. Ukidhulumiwa unapata mtu wa kumlaani, unalala. Mimi nilipewa ukweli bure, mchana kweupe, nikauona ni ujanja kwa sababu mimi ndivyo ningefanya.

Tulihangaika. Kaka alikata vipande vya tairi akaweka chini ya miguu ya meza. Akajaza mchanga kwenye masanduku. Akachimba shimo, akamwaga zege lisilogusana na sakafu, akalisubiri likauke kwa hamu ya kitoto, akaweka meza juu yake. Mshale ukacheza. Nikaenda kwa meneja wa kiwanda cha masufuria nimejaa pumzi, nikakuta kijana mpole, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa kama nilikuwa nataka aache kutengeneza masufuria. Nikarudi nimenywea.

Masonara waliondoka kwanza, halafu wenye maduka ya dawa. Hawakugomba, walikuwa wanasikitika, wengine walimkumbatia kaka. Tukabaki na mizani za magunia na za vyuma chakavu, zile ambazo hata ukizipiga teke hazijali. Na kumbe eneo lile lote lilikuwa na njaa ya mizani kubwa! Kila godauni lilikuwa linapokea mizigo na kutoa mizigo. Kazi ikatufurika, tukaajiri, tukanunua mtambo wa kuchomelea. Kaka, aliyekuwa akibana pumzi ili asiupeperushe mshale, akavaa ovaroli na glavu za ngozi, akawa mtu wa kupiga nyundo. Hiyo meza yake ilifunikwa turubai, baadaye ikawekewa makopo ya rangi. Siku moja niliona mtu amekalia ukingo wake anakula.

Nilichokuwa nasema kila mwaka ni hiki: mwakani, kaka, nitakutafutia mahali patulivu. Na mwakani ikifika kulikuwa na paa la kurekebisha, au ada za watoto, wake na wangu, au zabuni ambayo haiwezi kuachwa. Nilikuwa nasema kwa moyo wote, Mungu ni shahidi. Lakini pia niliona raha madereva wa malori walipoulizana mwenye jengo yuko wapi, wakaelekezwa kwangu. Kaka alikuwa ananijibu, "Sawa, Mama Bei," anashusha kioo cha kuchomelea usoni, anaendelea. Laiti angenigombeza hata mara moja. Angevunja kitu, angenifokea mbele ya mafundi, ningeamka.

Hatimaye nilinunua. Mtaa wa tatu kutoka kwetu palikuwa na chumba cha mawe, upande mmoja kimepakana na ghala la pamba, upande wa pili uwanja mtupu wa shirika moja lililokufa. Safari hii nilikwenda siku za kazi. Nilikwenda asubuhi, mchana, jioni, nikaketi mle ndani juu ya ndoo, nimevua viatu, nyayo sakafuni, kama kichaa. Mlinzi wa ghala alianza kuniamkia kwa huruma. Hakuna kilichotikisika. Nikalipa bila kukata hata senti, nikapaka rangi, nikamwambia kaka twende nikuonyeshe kitu.

Ilikuwa Jumanne. Nilipofunga lango alisimama.

"Unafunga? Siku ya kazi?"

Nikamwambia leo tunafunga.

Meza ilikuwa imeshafika. Niliisugua mwenyewe mpaka rangi ya makopo ikatoka. Mizani ya sonara ilikuwa juu yake, ndani ya kisanduku chake cha kioo. Kaka aliingia, akavua kofia. Alizunguka chumba, akagusa ukuta wa upande wa pamba kwa kiganja. Ndevu zake zilikuwa zimejaa mvi na sikumbuki zilijaa lini. Akaketi. Mshale ulipanda, ukashuka, ukasimama. Tulisubiri wote wawili, na ulibaki pale pale.

Akanyoosha mkono, nikampa kibano.

Nilikuwa nautazama mshale. Ndiyo maana nilichelewa kuona. Nilichosikia ni kisauti kidogo kwenye kioo, ti-ti-ti-ti, nikadhani ni mdudu. Kilikuwa ni kile kijiwe, kinagonga ukingo wa kisanduku, kwa sababu mkono uliokishika ulikuwa unatetemeka. Alikirudisha. Akajifuta vidole kwenye suruali, akashika tena, safari hii mkono wa kushoto umekamata kifundo cha ule wa kulia. Ti-ti-ti-ti. Kijiwe kikaanguka juu ya mbao. Akakitafuta kwa macho, akakiona, akakiacha.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Imeanza polepole. Kwenye zile kubwa haionekani."

Alilaza kibano taratibu, sambamba na ukingo wa meza, kama alivyokuwa akilaza baba. Nilitaka kulia na nililia, wala sikujificha. Yeye hakulia. Alikuwa bado anautazama mshale, kwa upendo, nisiseme uongo, kwa upendo kabisa.

"Chumba ni kizuri," akasema. "Safari hii umenunua vizuri, mdogo wangu."

Hakuniita Mama Bei. Nje hapakuwa na lori wala mtu, na ukuta wa pamba ulikuwa umemeza kila kitu. Mungu anisamehe, nilitamani jirani agonge kitu, chochote kile.