Baiskeli Fupi ya Nasiri

Mwanzoni mwa 1997, Mukabera alimpeleka bintiye wa miaka miwili, Uwineza, kwa Nasiri, seremala wa Kamembe, kumchagulia baiskeli ya mbao isiyo na pedali. Ni moja tu iliyokuwa fupi kiasi cha miguu yake kufika chini. Lakini Nzabonimana, aliyekuwa amerudi majuzi kutoka Zaire, alikokimbilia baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, alikwisha kuishika kwa ajili ya mwanawe.

"Maman, mimi nilifika kwanza."

Mukabera akaukamata usukani mbele ya wateja wengine, akamgeukia. "Papa, huyu mtoto hana baba. Ambia hawa bantu nani alionyesha bauaji fasi bwana yangu alijificha."

Nzabonimana akaiachia baiskeli.

"Toka kwangu," Nasiri akamwambia.

Akaondoka, mwanawe akilia njia nzima. Mukabera alikisikiliza kilio kile mpaka kikaisha, na hakutamani kimalizike upesi.