Ncha ya Kisu cha Bi Joha

Mama mmoja mgeni aliingia karakanani bila hodi, akatua juu ya fuawe kisu kisicho na ncha. Ilikuwa Ijumaa mchana, na joto la Kilosa lilikuwa limewavua wahunzi mashati.

"Nani kati yenu amenitengenezea kioo?" aliuliza.

Makarius aliweka koleo chini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Joha, wa Msowero. Kioo hiki nilikinunua Dumila, wakaniapia kuwa ni kisu cha wahunzi wa kijiji chenu cha ujamaa. Nimekuja kumtazama dada yangu hapa Kilosa, nikasema nisirudi bila kuwaona. Ncha yake imebaki kwenye mahindi."

Mzee Nikolaus, aliyekuwa akivuta mivukuto, alicheka. "Kisu si mtaimbo, mama. Ulikuwa unang'oa kisiki?"

"Kisiki ninachokiona mimi kimekaa hapo kwenye mivukuto."

Makarius alicheka, lakini alipoona kiganja cha yule mama kimefungwa kitambaa, kicheko kilimkauka. Alichukua hindi moja kavu akampa. "Nionyeshe unavyofanya, mama."

Bi Joha alichomeka kile kigutu cha kisu chini ya mstari wa punje, akakizungusha. Punje zikaruka. Ndivyo alivyozoea kufungua njia kabla ya kupukuchua kwa kidole gumba. "Mkwe wangu amejifungua juzi," alisema. "Mahindi yote ya nyumba yananisubiri mimi, na fukusi hawamngojei mzazi."

Makarius alikigeuza kisu kwenye mwanga. Pale palipokatika palimeta chembechembe kama sukari, akajua kosa ni lake. Kule kwao milimani walifua visu kwa majembe makuukuu, wakavizima kwa maji baridi ya chemchemi, navyo vikadumu. Tangu wahamishiwe bondeni walitumia springi za lori. Chuma hicho ukikizima kwa maji kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika. Kinataka oili chafu ya gari, kisha kirudishwe motoni polepole hadi kilegee kidogo. Yote hayo aliyajua. Lakini siku alipofua visu vile zilikuwa zimefika habari za Fausta, na mikono yake ikafanya kama ilivyozoea nyumbani.

Fausta alikuwa mchumba wake. Walikua kwenye kilima kimoja, wakichota maji kijito kimoja. Operesheni ya vijiji ilipokuja, familia yake ikapelekwa upande wa Mikumi, ya Makarius ikaletwa hapa. Makarius hakuilaumu Operesheni. Aliamini kwa moyo mweupe kwamba shule na zahanati vingefuata. Ila kila jioni aligeuka kutazama milima. Sasa Fausta alikuwa amechaguliwa kusomea uuguzi, miaka mitatu, mbali huko kusini. Angepanda basi Jumapili. Lori la ushirika, gari pekee la wiki kwenda Mikumi, lingeondoka kesho Jumamosi alfajiri, na dereva Gabrieli alikwisha kumwahidi Makarius nafasi.

"Kosa ni letu, mama," alisema. "Unarudi lini Msowero?"

"Kesho saa nne, na trekta ya kijiji chetu."

"Utaondoka na kisu kingine. Nakuahidi."

"Na Mikumi je?" Nikolaus alinong'ona mama alipotoka. "Macho yangu hayaoni tena rangi ya chuma. Usinitegemee mimi."

"Nitakimaliza leo."

Alikifua kingine. Ncha aliifanya fupi, mgongo akauacha mnene mpaka karibu na mwisho, ili kikizungushwa kistahimili. Akakizima kwenye oili. Alikuwa anakirudisha motoni, chuma ndiyo kwanza kinaanza kuwa cha manjano, kengele ya mkutano wa kijiji ikagongwa. Akakitoa, akakimbia.

Alfajiri alikuja amevaa shati lake jeupe. Lori lilikuwa likinguruma nje ya ghala. Alikuwa amebakiza kukijaribu tu kile kisu. Alikichoma kwenye gogo, akakizungusha.

Tak!

Nikolaus alitazama ncha ya chuma iliyobaki ndani ya gogo, kisha rafu ya visu vya wiki ile, vilivyozimwa kwa maji lakini viking'aa vizuri. "Mpe kimojawapo. Mpaka kivunjike, yeye yuko Msowero na wewe umekwisha mwona mchumba wako."

Makarius aliitazama ile rafu. Hakuna mtu ambaye angejua leo. Angejua Bi Joha, peke yake, na kiganja chake.

Honi ililia. Gabrieli alichungulia dirishani. "Bwana harusi! Unapanda hupandi?"

"Nisubiri kidogo, ndugu yangu."

"Kidogo gani? Wenye magunia yao watanimeza."

Makarius alisogea mpaka mlangoni. Maneno aliyoyapanga wiki nzima yalimtoroka yote. "Basi mwambie Fausta..." Akajitazama. "Mwambie nilikuwa nimeshavaa shati."

Lori liliondoka. Alilisikiliza likipanda daraja, likibadilisha gia, likififia upande wa milima, mpaka akawa anasikia damu yake mwenyewe tu. Kisha alilivua shati, akalitundika. "Vuta, mzee," alisema, na Nikolaus akaishika mivukuto, akavuta.

Alifua kingine, akakizima kwenye oili, akakirudisha motoni, na safari hii hakukimbilia kitu. Alingoja rangi ya manjano ipite, kahawia ipite, mpaka zambarau ikatambaa kwenye ncha. Alikichoma kisu kwenye gogo, akakizungusha kwa nguvu zake zote. Kilijipinda kidogo, kikarudi.

Bi Joha alifika jua limeshapanda, trekta ikimngoja barabarani. Alikizungusha kisu mkononi, akaijaribu ncha kwa ukucha.

"Hiki ndicho kisu," alisema. "Asante, mwanangu. Hilo lori la asubuhi, dada yangu anasema lilipiga honi mpaka likawaamsha watoto. Lilikuwa linamwita nani?"

"Lilikuwa linakwenda Mikumi, mama."

Alimtazama, akalitazama shati jeupe kwenye msumari. "Ulikuwa na safari?"

"Nilikuwa nayo," alisema Makarius, akamshika mkono wake usiouma, akamsaidia kupanda trekta.