Baiskeli Isiyo na Kilo

Fundi wa duka la vifaa vya magari aliniuliza swali moja tu kwenye simu: "Mama, baiskeli zenu zote pamoja zina kilo ngapi?"

Nikamwambia sijui, mimi huzipanda, sizibebi. Akacheka, kisha akanieleza polepole kama anayemfundisha mtoto kuvaa viatu. Ndoano ya tela iliyo nyuma ya gari letu inahimili kilo sabini na tano, basi. Tulitaka kwenda milimani na baiskeli, naye alikuwa na aina mbili za keria, yaani vibebeo vya kufunga nyuma ya gari. Moja ina mikono juu, baiskeli zinaning'inizwa kwa fremu. Nyepesi, lakini lazima uzinyanyue hadi kifuani. Ya pili ni jukwaa la chini, unasukuma tu magurudumu yakae kwenye mifereji yake. Hiyo yenyewe ina kilo ishirini na nne.

"Toa hizo, zinazobaki ndizo za baiskeli. Zikizidi sikuuzii. Sitaki kusikia ndoano imekatika njiani na baiskeli zimemwangukia mtu."

Mume wangu alitaka ya chini. "Sitaki mambo ya kunyanyuanyanyua," alisema. Mtu aliyekuwa akirusha baiskeli juu ya paa la gari kama anayeanika shuka! Nikamtania kwamba uzee umebisha hodi naye amekimbilia kufungua. Hakucheka. Wiki hiyohiyo nilimkuta akitoboa tundu jipya kwenye mkanda wake kwa msumari, nikamwambia anajipunguza ili apate mke wa pili. Hiyo aliicheka, tena sana.

Jumamosi asubuhi tukaitoa mizani bafuni, tukaiweka sebuleni. Baiskeli haisimami juu ya mizani, kwa hiyo nyumbani kwetu kitu kama hicho hupimwa hivi: baba anakibeba, anapanda nacho, tunatoa kilo zake. Ndivyo tunavyopima masanduku ya safari. Kilo zake yeye hazipimwi, zinajulikana. Themanini na nne. Alipimwa kazini mwaka juzi, na tangu hapo anazitaja kama jina la ukoo.

Binti yetu wa miaka kumi na miwili akakaa chini na daftari.

Baba akapanda na baiskeli yake. Themanini na saba.

"Kilo tatu," binti akasema, akakunja uso.

Akapanda na yangu. Themanini na sita.

"Mbili! Mama, yako ni ya karatasi."

Akapanda na ya binti. Themanini na nne. Mtoto akatoa, akafuta, akatoa tena. "Yangu haina kilo hata moja."

Tulicheka hadi nikaegemea ukuta. Nikasema tuifunge kamba tuipeperushe dirishani, keria ya nini? Baba mtu akaishusha, akakaa kwenye mkono wa kochi akihema kama aliyepanda ngazi za ghorofa kumi.

"Mizani imekufa," alisema.

Nikapanda mimi. Sitini na sita, vilevile kama wiki iliyopita. Mizani ilikuwa hai.

"Panda wewe peke yako," nikamwambia.

"Ya nini? Mimi ni themanini na nne."

"Basi Bwana Themanini na Nne, panda."

"Mke wangu, tuachane na haya."

"Panda, Baba," binti akasema, akamshika mkono. Huyo, baba yake hajui kumkatalia.

Sabini na moja.

Binti aliinamia daftari. Nikasikia kifutio, kisha penseli. "Kumi na sita," akasema kwa sauti ndogo. "Kumi na tano. Kumi na tatu. Jumla arobaini na nne. Zinafaa, Mama."

Nikamwambia azirudishe nje, moja moja, asiharakishe.

"Tangu lini?" nilimuuliza baba yake.

"Miezi mitano. Sita."

"Umeenda hospitali?"

"Nilienda. Wakanipapasa tumbo, wakaniandikia kipimo. Tarehe ikapita."

"Ilipita, au uliipitisha?"

Akatazama vidole vyake vya miguu. "Nilitaka twende milimani kwanza. Binti apate safari moja na mimi. Wakishaniambia, sijui kama nitaweza tena."

Nimezika wazazi wote wawili, nimefukuzwa kazi mara mbili, na mara zote sikukosa utani mdomoni. Safari hii nilioukuta ni ule wa mke wa pili, nikaumeza. Kilo kumi na tatu ziliondoka mbele ya macho yangu, nami nikazisindikiza kwa kicheko.

"Jumatatu," nilisema.

"Tukirudi safari."

"Jumatatu saa moja asubuhi, mimi na wewe kwenye benchi la hospitali. Ukigoma nakubeba. Siku hizi nakuweza."

Akatabasamu kidogo, kisha uso ukamporomoka, akalia bila sauti, mikono juu ya magoti.

Simu ikaita. Alikuwa fundi. "Mama, mmeshapima?"

"Arobaini na nne."

"Safi kabisa! Ya chini inazibeba zote tatu. Nije kuifunga Jumatatu?"

"Jumatatu hatupo."

"Basi Jumanne. Ila mzee awepo, nimwonyeshe jinsi ya kupakia na kukaza."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa amefumba macho.

"Nionyeshe mimi," nikasema. "Mimi na binti."