Mtani Wangu na Bwawa Langu

Mwaka wa tatu baada ya uhuru, walimu wa chuo kikuu walifika kijijini kwetu, huku nyika ya Kwale, bara ya Msambweni. Walisema hawakuleta mpango wowote. Mpango tuuseme sisi, wao watatusaidia kupima na kutafuta saruji. Mimi Mwinga nilikuwa nao tayari: tuchimbe bwawa la maji ya mvua, tulizungushie miiba, ng'ombe wanywe nje kwenye birika, ndani wachote wanawake peke yao. Kosa langu nilimwambia mwenzangu Chome tukiwa njiani kupeleka mbuzi mnadani. Siku ya baraza, mimi bado nasafisha koo, Chome akasimama akausema wote, birika na miiba.

Tangu hapo sikupata raha. Bwawa tulichimba sote, wanaume kwa majembe, wanawake wakibeba udongo kwa karai, lakini walimu waliuita mpango wa Chome, na kila mgeni akifika alipelekwa kwa Chome. Hata mke wangu Kadzo, aliporudi na maji yasiyo na tope, aliniambia Chome ana akili. Nikausukuma ugali kando. Nilimwonea wivu mtu yule mpaka nikazichukia salamu zake.

Bwawa lilipojaa, Bwana Maweu, mkubwa wa wale walimu, Mkamba mpole, alirudi kutuomba tuchague mtu wa kwenda Nairobi, akawasimulie wasomi jinsi kijiji kilivyojipangia mambo yake. Watu wakamtaja Chome kwa sauti moja. Nikasimama.

"Huyu ni mwizi," nikasema. "Mpango wa bwawa ni wangu. Nilimwambia njiani, akaniwahi kuusema hapa."

Baraza zima likaangua kicheko. Kadzo alijifuta machozi kwa leso. Kwa hasira nilikuwa nimesahau kwamba ukoo wa Chome na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu. Huitana wezi na wachawi hata matangani, na neno la mtani halimkasirishi mtu wala haliaminiwi. Mzee Menza, mkuu wa baraza letu, alimweleza Bwana Maweu desturi hiyo, naye akacheka. Nikarudia kwa sauti ya juu zaidi. Wakazidi kucheka.

Chome peke yake hakucheka. Alinitazama, kisha akainuka taratibu, kofia mkononi.

"Asemalo Mwinga ni kweli," akasema. "Mpango ni wake, mimi niliuiba. Naomba aende yeye."

Hapo ndipo watu walipogaragara. Mzee Menza alisema hajaona watani wanaojibizana vizuri namna ile. Chome akaapa kwa Mungu, nami nikaapa pamoja naye, tumesimama wawili mbele ya watu wanaojishika mbavu. Mwishowe Bwana Maweu alivua miwani, akapangusa macho, akamwomba Chome atakapofika Nairobi asiache kuwasimulia wasomi na utani huu.