Kwera wa Dirishani

Baba alipopooza miguu, kitanda chake kilihamishiwa chumba cha mbele, palepale binti yake anaposhonea nguo za watu. Fundi alizoea kuongea na cherehani kuliko na binadamu, kwa hiyo ilimbidi ajifunze kupiga soga ukubwani. Mzee hakuwa na makuu. Alitaka dirisha liwe wazi tu, awaone ndege aina ya kwera kwenye mti wa mgunga ulio nje.

Masika yalipoanza, wale ndege wa manjano walirudi na makelele yao. Dume hufuma kiota, jike huja kukikagua, na asipokipenda dume hukibomoa na kuanza upya.

"Kama wateja wako," baba alisema, na fundi akacheka mpaka mshono ukaenda upogo. Mzee hakuwa amemchekesha mtu tangu augue.

Basi fundi akaanza kuwawekea ndege mabaki ya nyuzi dirishani, nyekundu, buluu, hata ile nailoni ya kushonea mikoba ambayo huikati kwa meno. Wakazichukua! Kiota kimoja kikatoka na mistari kama fulana ya mpira. Mtoto wa jicho alikuwa ameshaanza kumfunga mzee macho, lakini rangi zile aliziona, na kila mgeni akasimuliwa jinsi binti yake anavyowavisha ndege. Fundi kichwa kikavimba. Sifa za baba ni tamu, nani asiyezitaka?

Mvua zilipopungua, makinda walianza kuchungulia nje.

"Mama, njoo umwone huyu!" baba aliita asubuhi moja. "Anajifunza kuruka. Anapiga mabawa weee, na haendi popote. Mvivu kama mjomba wako!"

Fundi alitazama. Kinda alikuwa ananing'inia kichwa chini, mguu umenaswa na nailoni ya buluu, na mama yake anamletea wadudu palepale hewani.

"Umemwona?"

"Nimemwona, baba."

"Tangu jana anacheza hivyo. Amenichekesha kweli."

Fundi alichukua mkasi, akaazima ngazi kwa jirani, akamwambia baba anakwenda kupunguza tawi linalokwaruza bati. Mguu wa kinda ulikuwa umeshakuwa mweusi. Aliukata uzi, naye kinda akamfia kiganjani kabla hajashuka. Alimfukia nyuma ya nyumba, akanawa mikono.

"Vipi yule, ameruka?" baba aliuliza.

"Ameruka."

Mzee akapiga makofi.

Kipupwe kilipita, ukavu ukapukutisha majani ya mgunga, na baba hakuchoka kusimulia hadithi ya kinda mvivu aliyeruka. Kila alipoianza, fundi alikanyaga cherehani kwa nguvu asiisikie. Alijiambia hakujua, alikuwa na nia njema, na ndege ni ndege tu. Hakuna hata moja lililomtuliza. Alijiona muuaji anayepigiwa makofi, tena na baba yake mwenyewe.

Vuli ilipoanza, kwera walifuma tena. Safari hii fundi alifagia kila kipande cha uzi na kukichoma, wala hakumwambia mzee. Baba alikaza macho kwenye mgunga kutwa nzima akitafuta nyekundu na buluu, asizione.

"Hawazitaki tena nyuzi zetu," alisema kwa unyonge. "Tumewakosea nini, mama?"

Hapo fundi akashindwa. Alisimamisha cherehani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwambia yote: nailoni, mguu, ngazi, kaburi la nyuma ya nyumba. Alilia, na kifua kikafunguka kwa mara ya kwanza tangu masika.

Baba aligeuza uso dirishani.

"Yule aliyekuwa anacheza?"

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Kutwa nzima ile," mzee alisema. "Nami nilikuwa namcheka."

Fundi alifungua kinywa amwambie kwamba hakujua, kwamba alikuwa na nia njema, kwamba ndege ni ndege tu. Akakifunga.